Nguo za Mwalimu Mgeni

Gari la ofisi ya watumishi wa kujitolea lilikuwa tayari mlangoni, na nguo zote za mwalimu mgeni, ukiacha gauni alilovaa, zilikuwa zimelowekwa kwenye beseni.

"Mama!" Mwalimu alishika kichwa. "Si nilikuaga jana? Leo narudi kwetu!"

"Uliniaga, mwanangu," alijibu mama mwenye nyumba, akisugua kola ya shati bila haraka. "Nikasema usiende na uchafu wetu. Serikali yenu itatuonaje?"

Mwalimu nusura acheke, akakumbuka kuwa ni yeye aliyeomba arudishwe. Serikali yake ilimtuma ng'ambo afundishe hesabu; darasa zima likawa linaigiza matamshi yake, naye akanywea kama kuku aliyenyeshewa.

"Watoto wananicheka, mama."

"Hata mimi nakucheka. Mbona chakula changu unakula?"

Dereva alipiga honi. "Dada, vipi, tunaondoka?"

Mwalimu alichutama, akakamua suruali moja. Maji ya baridi yalimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akaikung'uta, akaikagua pindo kwa pindo. Mama alikuwa amekaza macho kwenye povu, mikono imetulia.

"Hii bado haijatakata," mwalimu akasema, akairudisha majini.