Vishimo Vitatu Chini ya Rangi

Kidole changu kiliganda chini ya vali ya kijani. Chini ya ile rangi mpya palikuwa na vishimo vitatu vidogo, vimekaa kama mafiga.

"Vipi, shemeji?" aliuliza meneja ununuzi, mume wa dada yangu.

Mezani kwake kulikuwa na vali tatu za boila, sampuli za viwanda vitatu. Mimi fundi nimeitwa nichague kiwanda cha kuaminika. Yeye alishachagua hiyo ya kijani; alichotaka ni saini yangu tu.

"Hii si mpya," nikasema. "Alama hii naigonga mimi, kwenye kila vali niliyoikataa. Na huu ufa ubavuni, waliouziba kwa gundi, ndio uliomwaga mvuke ukamuua mwenzangu. Niliitupa kwenye vyuma chakavu kwa mkono wangu."

Alinyanyuka, akafunga mlango taratibu.

"Wenye kiwanda wameiokota, wameitengeneza. Vyeti wanavyo vyote. Sasa unataka nini tena?"

"Nataka mtu asife."

"Punguza presha, shemeji. Zamu ya kwanza ya boila si yako, nimekuhamishia stoo." Akanisogezea kalamu. "Boila tumempa mdogo wake marehemu. Alikuwa anahangaika na kazi, tukaona tumsaidie."

Alilisema hilo la kusaidia huku anatabasamu.

Kalamu sikuigusa. Nilitoa nyundo mfukoni, na msumari wangu wa kugongea alama.

"Ishike vizuri, shemeji," nikamwambia. "Safari hii nagonga juu ya rangi."