Mbuzi Namba Nne

Bi Mishi aliita "Zabibu! Zabibu!" mara tatu, na mbuzi hakugeuka. Ikabidi amfuate ukingoni mwa shamba na kumburura kwa kamba.

"Siku hizi ana kiburi," alisema huku ametazama chini. "Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, upige simu kabla hujaja, nimfunge karibu."

Luqman, mwanafunzi wa chuo aliyekuja kumpima mbuzi, alicheka kicheko cha mtu asiye na raha. Alipiga magoti pale uani, akaufunua ukope wa mbuzi. Ndani ulikuwa mwekundu, ishara kwamba damu ipo ya kutosha. Miezi mitatu iliyopita ulikuwa mweupe kama karatasi, kwa jinsi minyoo ya tumboni ilivyokuwa ikimfyonza.

Chuo kilimwachia Bi Mishi mbuzi wanne awatunze hapa kijijini Bongwe kwa utafiti wa Luqman. Watatu walipewa dawa ya minyoo. Wa nne, ndiye huyu Zabibu mwenye kibao cha namba nne shingoni, alinyweshwa maji matupu na kulishwa mashudu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Luqman alitaka kujua kama asidi amino, vile vijenzi vya protini ambavyo minyoo humwibia mbuzi, zikirudishwa kwa chakula kizuri zinaweza kumponya bila dawa. Na msomi wetu, kwa kuogopa maswali, alimwambia bibi wa watu kwamba wote wanne wanapata dawa.

Ajabu ni kwamba namba nne alinenepa. Mwalimu wa Luqman alifurahi mno. Jumatatu Luqman angesimama mbele ya wakubwa wa chuo kuyaeleza matokeo hayo, na shahada yake ilining'inia hapo hapo. Lakini kila Bi Mishi alipoinua mikono kumwombea dua kwa wema wake, alitamani kwa aibu ardhi ipasuke immeze. Leo alikuwa ameapa kusema.

"Bibi, nisamehe. Nilikudanganya." Macho yake yalikuwa kwenye viatu vyake. "Huyu sikumpa dawa hata siku moja. Yalikuwa maji tu. Angekufa, lawama ingekuwa yangu, si yako."

Bi Mishi aliketi kwenye kigoda, akajifunika uso kwa ncha ya leso. Mabega yalimtetemeka. Luqman alidhani analia kwa hasira, akazidi kumwomba radhi.

"Maji," bibi alinong'ona. "Nami miezi yote hii najilaumu, nasema sikumtunza."

"Lakini bibi, si amepona?"

"Huyu ni mbuzi wa jirani yangu Fondo, amefanana na Zabibu; kila ukija huwa namwazima kwake, namvika kile kibao. Wako nilimzika mwezi wa Shaabani, nikaona haya kukwambia kwamba amana imenifia mikononi."