Rangi Chini ya Nati

Mafundi watatu walishabadilisha balbu za gari la Mama Elineema, na taa bado zilikuwa hafifu. Fundi Mwantumu hakugusa balbu. Alifuata kwa kidole waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari, mpaka kwenye nati iliyoufunga kwenye bodi.

"Limepakwa rangi lini, mama?"

"Juzi, ili liuzike. Mnunuzi anakuja alasiri."

"Waya wameufunga juu ya rangi. Umeme haupiti vizuri hapo."

Akafungua nati, akapiga msasa. Chini ya rangi nyeupe ikatokea kijani, rangi aliyoichagua marehemu mume wa Mama Elineema, kisha chuma. Akaikaza nati. Taa zikawaka, kali hata juani.

"Nikupakie nyeupe hapo?"

Mama Elineema alikuwa ameshaigusa ile kijani.

"Acha. Mnunuzi akifika, mwambie taa bado zinasumbua."

Akaingia upande wa dereva, taa zikimulika geti la gereji.