Pipa Jipya la Hifadhini

Nyani walikuwa wameshajua kufungua kila pipa la taka hifadhini, kwa hiyo fundi Zuhena akatengeneza jipya, lenye komeo la kusukuma kwanza ndipo uinue kifuniko. Akakaa pembeni kulitazama.

Mgeni mmoja akaja na mfuko wa mabaki ya chakula. Akavuta kifuniko, akakipiga teke, mwishowe akauacha mfuko juu yake.

"Dada, hili limeharibika."

"Sukuma komeo kwanza, kaka."

"Wacha tu," akasema mgeni, akaenda zake.

Nyani jike akashuka mtini, akala yote taratibu. Kisha akasukuma komeo, akainua kifuniko, akachungulia. Ndani hamkuwa na kitu, mlinukia rangi mpya tu. Akakifunga, akakaa juu yake, akaitazama njia wanakotokea wageni.