Kipande cha Bwana Harusi

"Kwani bwana harusi ana ukoma, Bi Muzna?"

Wanu aliuliza hivyo akijua anamkosea mtu mzima, lakini hasira zilikuwa zimeshampanda. Karatasi aliyoletewa ilikuwa na mstari mmoja tu: kuanzia dakika ya mia moja na kumi na mbili, dakika sita zikatwe, zitupwe. Ndizo dakika ambazo bwana harusi anaingia ukumbini.

"Nnakuomba, mwanangu," alisema Bi Muzna. "Kipande hicho kikate tu, ukitupe. Usikifungue."

Akavuta buibui lake, akatoka bila ya kungoja jibu.

Jana yake mama huyohuyo alikuja kutoka Malindi, mtaa wa wenye majumba ya mawe, anacheka. Harusi ya bintiye, Rawiya, ya wiki iliyopita, ilikuwa faili moja la saa mbili na nusu, zito, haliingii kwenye simu ya mtu, na ndugu walitaka vipande vifupi vya kurushiana. Sherehe ya wanawake haipewi fundi mwanamume, na mwanamke aliyeijua kazi ile mjini alikuwa Wanu peke yake, sebuleni kwake Kikwajuni. Bi Muzna akasema kwa furaha kwamba mkwewe ni mtu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kama Wanu. Kisha akatazama picha za familia ukutani, akaaga kahawa haijapoa. Wanu aliona nyumba yake imedharauliwa.

Na leo anataka mkwe afutwe. Kumbe mtu wa Ng'ambo anafaa kuoa Malindi, ila hafai kuonekana Malindi. Angekuwapo mumewe, Talib, angemtuliza, lakini Talib yuko Pemba wiki ya pili hii kwa kazi ya ujenzi.

Akafungua kwenye kompyuta lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Kazi hii haikulazimishi kutazama picha: unaandika jina la faili, pa kuanzia na urefu, unabonyeza, kipande kinatoka. Akaandika amri moja baada ya nyingine, akizigonga herufi kama anayetwanga kisamvu. Kipande alichokatazwa hakukitupa. Alikipa namba moja, ili kila atakayefungua aanze nacho.

"Wakome," alisema peke yake.

Alasiri akaja Sumaiya, mdogo wake bibi harusi, kuchukua kadi ndogo yenye vipande. Hata barazani hajaondoka, akaitia kwenye simu na kuanza kuwarushia shoga zake vipande vyote. Wanu alimwacha. Moyo ulikuwa umemtua kidogo.

Akarudi ndani. Sasa alitaka amwone huyo mwenzake wa Ng'ambo aliyempigania. Akafungua kipande cha kwanza.

Vigelegele. Mlango wa ukumbi ukafunguliwa, bwana harusi akaingia na joho na kilemba, ameinamisha kichwa. Akaenda mpaka alipokaa Rawiya, akamshika mkono, akainua uso.

Alikuwa Talib.