Masahihisho ya Marehemu

“Mzee wangu anasema kiti cha msaidizi wa dereva umekikosea,” bibi alimwambia fundi. “Mguu mmoja ulifungwa waya.”

Fundi aliweka tupa mezani. Kichwa cha treni alichokuwa akikiunda kilikuwa cha shaba, kirefu kama mkono wa mtoto, na hata vichwa vya misumari yake alivipachika kimoja kimoja kwa kibano. Ndiyo maana wateja walimwita Kibano. Alikinakili kutoka katika kila picha aliyoipata, na hakuna picha iliyoonyesha waya.

Na huyo mzee anayetoa masahihisho, dereva wa treni ile, mji mzima ulijua kwamba alizama na treni yake darajani, Kibano akiwa bado ananyonya. Halikupatikana hata koti. Walimlilia bila mwili, na mkewe akaitwa Mama Mjane mpaka leo.

Bibi kutaka mfano wa treni iliyomfanya mjane, hilo Kibano alilielewa. Majonzi yana mambo yake. Lakini hii “anasema” ilimshinda. Kila akija kukagua kazi, bibi alikuja na neno la mzee. Anasema taa ya kushoto ilikuwa na ufa. Anasema masizi yaliganda nyuma ya bomba, si mbele. Fundi aliitikia kwa adabu na kucheka moyoni, na asubuhi mkewe alimuuliza, akimmiminia chai, marehemu wake ameamkaje.

Utani uliisha siku fundi mwenzake alipomtumia picha nyingine, iliyopigwa karibu, mlango wa dereva ukiwa wazi. Kibano aliiweka chini ya kioo cha kukuza. Kiti cha msaidizi kilionekana, na mguu wake mmoja ulizungushiwa waya.

Nywele zilimsimama. Mkewe alipooneshwa, tangu siku hiyo hakukanyaga karakana, na kila jioni alimsihi mumewe airudishe ile kazi kabla haijawaletea balaa nyumbani.

Kibano hakuweza. Lilikuwepo jambo ambalo hakumwambia mteja wake: msaidizi wa treni ile alikuwa baba yake mzazi. Alikutwa amekufa humo humo ndani. Tume ikaamua kwamba ni yeye aliyezembea kwenye breki. Jina la dereva likachongwa ukutani pale stesheni, shujaa aliyekufa kazini. Baba wa Kibano akazikwa na watu wa kuhesabu. Shuleni walimwita mtoto wa yule wa breki. Mama yake alikufa akiapa kwamba mumewe hakuwa mtu wa namna hiyo, na hakuna aliyemsikiliza. Kibano mwenyewe, ukweli ni kwamba, alimsikiliza nusu nusu, na hilo ndilo lililomla.

Sasa kuna mtu anayejua. Amekufa, sawa, lakini anajua.

Kazi ilipobaki kuweka watu wawili wadogo, dereva na msaidizi wake, ndani ya chumba cha dereva, Kibano alijikaza.

“Mama, niulizie. Pale darajani, nani alikuwa kwenye breki?”

Bibi akataka kujua yanamhusu nini.

“Msaidizi alikuwa baba yangu.”

Bibi aliweka kiganja mdomoni. Kisha akajifunga mtandio vizuri, akaondoka bila kuaga, na hakuonekana tena kwa wiki kadhaa. Kibano alikonda. Chakula kilimshinda, na mlango ukigongwa alishtuka kama mwizi. Aliogopa kwamba marehemu angesema yale yale yaliyosemwa na tume, na safari hii pasingekuwa na pa kukata rufaa.

Bibi aliporudi hakukubali hata kukaa.

“Anasema dereva usimweke,” alisema, macho yake sakafuni. “Mweke baba yako peke yake, mikono yote miwili kwenye breki. Na hiki kichwa, anasema ukilete mwenyewe.”

Kibano alimchonga baba yake huku machozi yanamtoka, ya furaha na ya woga, hata hakujua yapi ni yapi. Mkewe alimwomba asiende. Alimjibu kwamba mtu aliyemsafishia baba yake jina, awe hai awe maiti, atampelekea shukrani kwa mikono yake. Akapiga moyo konde, akaenda.

Njiani alijiandaa. Alitarajia kukutana na picha ukutani, au kiti kitupu ambacho bibi huzungumza nacho, na alishaazimia kukiamkia kile kiti kwa heshima zote. Madirisha ya nyumba yalikuwa yamefungwa ingawa ilikuwa mchana na joto kali. Bibi alimwongoza hadi chumba cha nyuma. Kabla ya kufungua, alibisha hodi.

Ndani mtu alikohoa.

Alikuwa mzee aliyepauka, ngozi yake haijaonja jua kwa miaka mingi. Alikipokea kichwa cha treni kwa mikono miwili, akakigeuza kwenye mwanga wa taa, akamchungulia yule mtu mdogo dirishani.

“Alikuwa hivi hivi,” alisema. “Nilimwona vizuri. Mimi nilikuwa nimesharuka, nimelala kwenye majani.”