Nishani ya Chitanda

Wenye nishani ya ushujaa walikuwa wamebaki wawili, na mmoja wao alizikwa mwezi uliopita. Kwa hiyo siku ile uwanja mzima ulisimama kwa ajili ya Mzee Lupogo peke yake. Mtangazaji akasimulia jinsi alivyombeba kamanda wake aliyejeruhiwa, akamvusha mto huku risasi zikimiminika.

Maneno hayo yalikuwa yakimchoma kwa miaka hamsini. Aliyembeba kamanda ni askari mwenzake Chitanda, ambaye alipigwa risasi akafa mara tu alipomtua ng'ambo, akamwacha mke nyumbani. Lupogo alivuka baadaye, akakutwa amempakata kamanda aliyezirai. Askari waliowakuta walipomuuliza, "Ni wewe uliyemvusha?" aliitikia kwa kichwa. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, na sifa ni tamu.

Sasa waziri alimwinamia, ameshika nishani mpya.

"Shikamoo, mzee wangu. Taifa linakushukuru."

"Marahaba." Mzee akakifunika kifua kwa kiganja. "Usinivike, mwanangu. Hii ni ya Chitanda."

"Chitanda ndiye nani, mzee?"

Swali hilo lilimuumiza kuliko yote. Akakivuta kipaza sauti, akaeleza kila kitu bila kujitetea, hata kule kuitikia kwake kwa kichwa. Bendi ikabaki imeshika vyombo.

Kisha, kule walikoketi wajane wa vita, bibi mmoja akainuka, akajifunga khanga vizuri, akaanza kushuka ngazi taratibu kumwelekea. Askari wakampisha.